Upasuaji wa kupunguza uzito, sindano, puto au lishe: kipi kinakufaa?

Mtu mwenye kilo 120 hahitaji kuambiwa kwamba amenenepa. Magoti yanamwambia kila asubuhi. Mara nyingi ameshajaribu: ameacha kula usiku, amekunywa maji ya ndimu na tangawizi, amelipia gym, amepungua kilo kadhaa, kisha zikarudi zote na nyingine juu yake. Sasa amesikia kuna upasuaji wa kupunguza tumbo. Mama mdogo anamwambia watu hufia mezani. Binamu yake aliyeko Muscat anamwambia kule wanafanyiwa wengi, na baada ya mwaka huwatambui. Daktari aliyemwona kwa ajili ya presha alisema tu "punguza uzito", akaandika dawa, akaita mgonjwa mwingine.

Nimeandika kwa ajili ya huyo aliyekwama hapo. Njia zilizopo ni nne: lishe na mazoezi kwa usimamizi, dawa (hasa sindano za kila wiki), puto la tumboni, na upasuaji wenyewe, ambao nao una aina mbili kuu. Hakuna inayomfaa kila mtu, na hakuna iliyo njia ya wavivu. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu aibu imewachelewesha wengi kuuliza. Mwili ukishazoea uzito mkubwa kwa miaka, huutetea. Ukipunguza chakula, homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda, homoni inayoufahamisha ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha hushuka, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko awali. Ndiyo maana kilo hurudi hata kwa mtu mwenye nidhamu.

Vigezo vya kulinganishia

Anza na BMI, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 95 ana BMI ya 37. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Tangu mapendekezo ya Marekani ya mwaka 1991, upasuaji ulitengewa wenye BMI ya 40 na kuendelea, au 35 wakiwa pia na ugonjwa unaohusiana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilishusha mstari huo: upasuaji unapendekezwa kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa watu wenye asili ya Asia, wakiwemo ndugu zetu wengi wa mwambao wenye asili ya Kihindi, mstari uko chini zaidi, kwenye 27.5, kwa sababu miili yao hupata kisukari kwa unene mdogo.

BMI peke yake haitoshi. Haitofautishi misuli na mafuta, wala haionyeshi mafuta yamekaa wapi, na mafuta ya tumboni ni hatari kuliko ya nyonga. Kwa hiyo kigezo cha pili ni magonjwa uliyo nayo tayari: kisukari, presha, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, mafuta kwenye ini, magoti yanayouma, hedhi isiyotabirika pamoja na kuchelewa kushika mimba. Watu wawili wenye kilo sawa wanaweza kuhitaji tiba tofauti kabisa kwa sababu ya kigezo hiki.

Vingine vitatu ni kiasi cha uzito kinachopungua na kama kinadumu, hatari za njia yenyewe, na yale utakayotakiwa kuyafanya na kuyalipia miaka mingi baadaye. Hiki cha mwisho ndicho watu wengi hukiruka. Kwa maoni yangu ndicho kinachopaswa kuamua, kwa sababu kila njia kati ya hizi nne ni ya kudumu nayo. Zinatofautiana tu katika mzigo unaoubeba.

Ili tulinganishe kwa mtu mmoja, tumfikirie mama wa mita 1.65 na kilo 120. BMI yake ni 44.

Njia ya kwanza: lishe na mazoezi kwa usimamizi

*Matokeo.* Programu iliyopangwa vizuri, yenye mtaalamu wa lishe na miadi ya mara kwa mara, kwa kawaida hushusha asilimia 5 hadi 10 ya uzito ndani ya mwaka. Kwa mama wetu ni kilo 6 hadi 12. Zinaonekana chache, lakini mwili huzihisi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari uliwalenga watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo: wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wao wa kuupata ulishuka kwa asilimia 58. Uingereza, utafiti uitwao DiRECT uliwapa watu wenye kisukari cha miaka michache mlo wa supu na vinywaji maalumu wa kalori zisizofika 900 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha ukawarudisha kwenye chakula polepole. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa.

Ugumu uko kwenye kudumu. Watu wengi hurudisha sehemu kubwa ya kilo katika miaka inayofuata, hasa usimamizi ukikatika.

*Hatari.* Ni ndogo. Tahadhari moja kubwa ni kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari: akipunguza wanga ghafla bila daktari kupunguza dozi, sukari inaweza kushuka hadi azimie.

*Mzigo wa baadaye.* Kwetu, pa kuanzia ni ujazo wa ugali na wali kwenye sahani, sukari kwenye chai, soda, juisi, na chapati za asubuhi. Mboga za majani, maharage, dagaa, samaki na mayai tunavyo. Gharama ya pesa ni ndogo. Gharama ya kijamii ni kubwa zaidi, kwa sababu nyumba nyingi hula sinia moja, na anayesema "nimeshiba" mbele ya mgeni au mama mkwe huonekana ana dharau.

*Anayefaa.* Mwenye BMI chini ya 30, au chini ya 35 bila ugonjwa mkubwa. Mwenye kisukari kipya. Na kila mtu atakayechagua njia nyingine, kwa sababu zote zinaiegemea hii.

Njia ya pili: dawa

*Matokeo.* Hapa ndipo mambo yamebadilika zaidi miaka ya karibuni. Semaglutide, sindano ya mara moja kwa wiki inayoiga homoni ya shibe ya utumbo, ilishusha wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68 kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Tirzepatide, kwa dozi yake ya juu, ilifikia karibu asilimia 21 katika wiki 72 mwaka uliofuata. Kwa mama wetu ni kama kilo 18 kwa ya kwanza na 25 kwa ya pili. Semaglutide imeonyesha pia kupunguza kwa asilimia 20 matukio makubwa kama shambulio la moyo na kiharusi kwa watu wanene waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo na mishipa. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo na unene uliokithiri.

*Hatari.* Kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, hasa dozi inapopandishwa. Vijiwe kwenye mfuko wa nyongo hutokea, na mara chache kongosho huvimba. Mwenye historia katika ukoo ya aina fulani ya saratani ya tezi la shingo, ile iitwayo medulari, hapaswi kuzitumia. Mwanamke anayetaka mimba anaacha semaglutide angalau miezi miwili kabla.

Hatari nyingine iko sokoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa bidhaa bandia zilipenya huko, sindano inayouzwa kwa ujumbe wa simu na kuletwa na bodaboda bila cheti cha daktari si ya kuchoma mwilini mwako. Na hata iliyo halisi inatakiwa kuhifadhiwa kwenye friji kabla ya kuanza kutumika, kati ya nyuzi 2 na 8, jambo la kufikiria mahali ambapo umeme hukatika.

*Mzigo wa baadaye.* Ukiacha, uzito hurudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutide walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo hesabu bei ya mwezi mmoja, kisha izidishe kwa miaka. Kuanza dawa ambayo utaimudu kwa miezi minne tu ni kununua kilo utakazozirudisha.

*Anayefaa.* Mwenye BMI ya 30 na zaidi, au 27 akiwa na ugonjwa unaohusiana na unene. Asiyetaka au asiyeweza kupasuliwa. Mwenye kipato au bima inayoruhusu matumizi ya muda mrefu. Na anayehitaji kupungua kabla ya kuingia kwenye upasuaji wowote mkubwa.

Njia ya tatu: puto

*Matokeo.* Puto laini huingizwa tumboni kwa mpira wa kamera kupitia mdomoni, kisha hujazwa maji ya chumvi. Linachukua nafasi, unashiba mapema. Aina nyingi hukaa miezi sita kisha hutolewa. Ipo pia ya kumezwa kama kidonge ambayo hujimwaga maji yenyewe na kutoka kwa njia ya choo baada ya kama wiki 16. Wengi hupungua asilimia 10 hadi 15. Mama wetu angepungua kilo 12 hadi 18, kisha puto linatoka na njaa inarudi.

*Hatari.* Siku za kwanza ni kutapika na maumivu, na wengine huomba litolewe. Mara chache hupasuka na kuziba utumbo. Ndiyo maana maji yake huwekewa rangi ya bluu: mkojo ukigeuka kijani au bluu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Mzigo wa baadaye.* Miezi hiyo sita ni ya kujifunza kula upya. Asiyejifunza hurudi alipokuwa. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili Mloganzila imekuwa ikitoa huduma hii.

*Anayefaa.* Mwenye BMI ya 30 hadi 40 anayeogopa kisu, au mwenye uzito mkubwa mno anayehitaji kushuka kidogo ili nusu kaputi iwe salama zaidi. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula kwa kawaida hawekewi.

Njia ya nne: upasuaji

Kwanza, kuondoa mkanganyiko: kufyonza mafuta kwa mrija kwenye kliniki za urembo si upasuaji huu. Kule wanabadili umbo la sehemu fulani. Kisukari kinabaki palepale.

Upasuaji tunaouzungumzia hufanywa kwa matundu madogo tumboni, chini ya nusu kaputi, kwa kawaida saa moja hadi tatu, na mgonjwa hulala hospitali siku chache. Katika aina ya kwanza, iitwayo slivu, daktari huondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula, linabaki kama mrija mwembamba. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi tena. Katika ya pili, iitwayo baipasi, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, cha ujazo wa kama mililita 30, kisha utumbo mwembamba unaunganishwa nacho, chakula kikapita pembeni ya tumbo lote lililobaki na mwanzo wa utumbo. Zote mbili hufanya zaidi ya kupunguza nafasi: zinabadili homoni za njaa na shibe, na kwa sababu hiyo sukari ya wengi huanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, hata kabla kilo hazijapungua.

*Matokeo.* Slivu hupunguza takriban robo ya uzito wote, baipasi karibu theluthi. Mama wetu angeshuka kilo kama 30 kwa slivu, au 36 hadi 40 kwa baipasi, nyingi zikipotea katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Baadaye kilo chache hurudi kwa wengi, na kwa baadhi hurudi nyingi.

Kwa kisukari, utafiti wa STAMPEDE wa Marekani uliwafuatilia wagonjwa miaka mitano. Lengo lilikuwa kipimo cha sukari cha miezi mitatu kiwe asilimia 6.0 au chini. Waliotibiwa kwa dawa za wakati ule walifikia asilimia 5 tu. Wa slivu asilimia 23. Wa baipasi asilimia 29. Soma takwimu hizo pande zote mbili. Upasuaji ulishinda kwa mbali, lakini zaidi ya watu saba kati ya kumi waliofanyiwa hawakulifikia lengo hilo, ingawa wengi walipunguza dawa. Anayekuahidi kwamba kisukari "kitaisha" anaahidi asichokijua. Uwezekano ni mkubwa zaidi kwa mwenye ugonjwa wa miaka michache asiyetumia insulini.

Uswidi walianza mwaka 1987 kufuatilia kama watu 2,000 waliopasuliwa na wengine 2,000 hivi wenye unene kama huo ambao hawakupasuliwa. Ripoti ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba waliopasuliwa waliishi takriban miaka mitatu zaidi, ingawa bado hawakufikia umri wa watu wa kawaida. Wengi wao walifanyiwa aina za zamani ambazo leo hazitumiki sana.

*Hatari.* Kwenye vituo vyenye uzoefu, vifo ni kama mtu mmoja kati ya 1,000, kiwango kinachokaribiana na upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo. Hofu ya mama mdogo ina msingi, lakini aiweke kando ya hatari ya kubaki na kilo 120, kisukari na presha kwa miaka ishirini. Matatizo makubwa ya mwanzo ni kuvuja kwenye mshono wa ndani, kutoka damu, na damu kuganda miguuni au mapafuni. Moyo kwenda mbio bila kupumzika, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega katika wiki za kwanza ni dharura, hata kama ni usiku.

Baadaye, slivu na baipasi zinaachana njia. Slivu huongeza kiungulia. Utafiti wa Finland uliozilinganisha kwa miaka kumi ulikuta mchubuko kwenye umio kwa asilimia 31 ya watu wa slivu, dhidi ya asilimia 7 ya wa baipasi. Kama tayari unalala umeegemea mito miwili kwa sababu ya asidi, slivu pengine si yako. Baipasi nayo hukwamisha ufyonzaji wa madini ya chuma, vitamini B12, kalisi na vitamini D, na ukila vitu vitamu inaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Huleta pia vidonda pale mshono ulipounganishwa, hasa kwa mvutaji sigara na kwa anayemeza diclofenac au ibuprofen. Hapa Afrika Mashariki dawa hizo hununuliwa dukani kama pipi. Aliyefanyiwa baipasi anatakiwa kuzisahau maisha yake yote na kumwambia kila muuza dawa. Tena, tumbo lililoachwa pembeni halifikiwi kirahisi kwa mpira wa kamera, jambo la kuzungumza na daktari kama una historia ya vidonda vya tumbo.

Zipo pia zinazowagusa wote: vijiwe vya nyongo kwa sababu ya kupungua haraka, nywele kunyonyoka miezi michache kisha kurudi, ngozi kulegea kwenye mikono na tumbo. Pombe huingia kwenye damu haraka zaidi, na kwa baadhi hugeuka uraibu ambao hawakuwa nao. Kutapika kusikokoma si kwa kuvumiliwa nyumbani. Kunaweza kumaliza vitamini B1 na kudhuru ubongo.

*Mzigo wa baadaye.* Wiki mbili hivi za vimiminika, kisha uji na vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida kuanzia kama wiki ya sita hadi ya nane. Kutafuna polepole, kutokunywa maji pamoja na chakula, kutanguliza protini ili ufike angalau gramu 60 kwa siku: samaki, mayai, kuku, mtindi, maharage. Ugali unakuwa vijiko vichache pembeni. Vidonge vya vitamini kila siku hadi mwisho wa maisha, na vipimo vya damu mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kupungua uzito hurudisha rutuba ghafla, wakati mwili bado haujawa tayari. Wataalamu hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vya kutosha. Ulizia kijiti au kitanzi. Waislamu waulize mapema kuhusu Ramadhani, kwa sababu wengi hushauriwa wasifunge katika mwaka wa kwanza kwa ajili ya maji na protini.

Kisha kuna maneno ya watu. Kwetu kunenepa bado husomwa kama neema, na anayekonda haraka husemwa ana ugonjwa. Waliopita njia hii hueleza kwamba minong'ono hiyo iliwaumiza kuliko mshono. Amua mapema nani ataambiwa ukweli, na uwe na angalau mtu mmoja nyumbani anayejua kwa nini unakula kidogo.

*Anayefaa.* Mwenye BMI ya 35 na zaidi ambaye njia nyingine hazikumfikisha. Mwenye BMI ya 30 hadi 35 ambaye kisukari chake hakishikiki kwa dawa. Mwenye uwezo wa kurudi kliniki kwa miaka. Asubiri kwanza mwenye ulevi usiotibiwa, sonona kali au tatizo la kula kwa mfululizo usiku na kujificha, anayepanga mimba mwaka huu, na asiye tayari kuacha sigara. Kusubiri huko ni kwa ajili ya kutibiwa hayo, kisha mlango unafunguliwa tena.

Wapi, na nani atakufuatilia

Mloganzila na baadhi ya hospitali kubwa za Nairobi, ikiwemo Aga Khan, hufanya upasuaji huu. Wengine husafiri India, na walio Ghuba huupata hukohuko. Usafiri si tatizo lenyewe. Tatizo ni kurudi Kigoma au Lodwar ukiwa na karatasi ya kutoka hospitali tu, bila daktari anayejua utumbo wako umeunganishwa vipi. Kabla ya kulipa, uliza: daktari huyu hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka? Kuna chumba cha wagonjwa mahututi? Nani nitampigia simu saa nane usiku? Mtaalamu wa lishe na wa saikolojia wamo kwenye timu? Bei niliyotajiwa inajumuisha nini nikipata tatizo na kulazimika kurudi mezani? Ofisi inayojibu maswali hayo kwa kukuharakisha ulipe amana leo ni ya kukimbiwa.

Kulingana na hali yako

Una BMI ya 28 na harusi yako ni baada ya miezi mitatu: upasuaji na puto si vyako. Lishe yenye usimamizi inatosha, na chai za "kukata mafuta" zisizo na jina la mtengenezaji achana nazo.

Una BMI ya 33 na kisukari kilichogunduliwa mwaka jana: anza na programu kali ya lishe, ikiwezekana pamoja na dawa ya sindano, na upime baada ya miezi sita. Sukari ikigoma, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji bila kusubiri miaka kumi, kwa sababu kongosho huchoka na nafasi ya kupona hupungua.

Una BMI ya 37 bila ugonjwa wowote: hapa watu wawili wenye busara wanaweza kuchagua tofauti. Unayemudu sindano kwa miaka mingi una sababu ya kuanza nazo. Usiyeimudu, lakini una akiba au ndugu wanaoweza kuchanga mara moja, upasuaji unaweza kuwa nafuu zaidi ukihesabu miaka mitano.

Una BMI ya 44 kama mama wetu, kisukari, presha, na pumzi inayokatika usingizini: lishe peke yake haitakufikisha, na kukuambia ujaribu tena ni kukupotezea muda. Zungumza upasuaji kwa uzito wake. Kama huna kiungulia na unahofia upungufu wa vitamini, slivu. Kama kiungulia ni kikali au kisukari ndicho kinachokusumbua zaidi, baipasi. Pima usingizi na moyo kwanza.

Una miaka 24 na hujazaa: umri wako haukuzuii, ila panga uzazi na timu kabla, si baada.

Unaishi mbali na mji na kliniki ni safari ya siku nzima: slivu ina mahitaji madogo ya vitamini kuliko baipasi, lakini nayo inakutaka ufuatiliwe. Tafuta kwanza hospitali ya mkoa yenye daktari aliye tayari kupokea maelekezo kwa simu na kukupima damu. Usipompata, dawa au lishe ni salama zaidi kwako kwa sasa.

Na wewe uliyekwishafanyiwa miaka iliyopita, kilo zikaanza kurudi: rudi kliniki ukiwa umeongeza tano, usisubiri thelathini. Wataangalia unakula nini na lini, wataangalia mshono kwa kamera, na siku hizi wanaweza kuongeza dawa ya sindano juu ya upasuaji uleule.